Jacob Wainwright: Mwandishi wa Msafara Aliyelala Urambo

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika, kumbukumbu huanza na jengo la kwanza, mchungaji wa kwanza na wazee wa kanisa wa kwanza. Jambo hilo ni jema na la haki. Hata hivyo, katika nchi ya Unyamwezi jina la Kristo lilipita njiani miaka mingi kabla ya kujengewa nyumba. Lilipita pamoja na watu waliotembea kwa miguu kutoka pwani, wengine wakiwa wamebeba mizigo ya watu wengine, na baadhi yao wakiwa hawajui hata majina waliyopewa na mama zao. Mmoja wa watu hao alikuwa Jacob Wainwright. Hakuwa Mlutheri, alibatizwa katika misheni ya Kianglikana nchini India. Lakini alipita Tabora akiwa na mzigo mzito kuliko mizigo yote iliyowahi kupita katika njia hiyo, na mwisho wa maisha yake akarudi kufia Urambo, siku chache tu za mwendo kutoka mjini. Maisha yake yana fundisho kwa kila Mkristo anayejiuliza thamani yake hutoka wapi.

Njia na Mji

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora baada ya kilomita zipatazo mia nane, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa njia hiyo. Wapagazi wao walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Katika nchi nyingi walizopita walitozwa hongo na watemi. Waarabu na Waswahili waliokaa Unyanyembe waliifanya Tabora kuwa kituo kikuu cha biashara ya bara, na miembe mikubwa ya mji huo ni ukumbusho wa enzi hizo.

Njia hiyo hiyo ilikuwa pia njia ya machozi. Pamoja na wapagazi wa ujira walipita watu waliofungwa minyororo, na kusini, kandokando ya Ziwa Nyasa, biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea kwa ukatili uo huo. Jacob alikuwa mtoto wa biashara hiyo.

Mtoto Aliyepotezewa Jina

Alizaliwa katika kabila la Wayao, akatekwa na wafanyabiashara wa watumwa angali mtoto. Manowari ya Waingereza, waliokuwa wakizuia usafirishaji wa watumwa baharini, ikamwokoa. Watoto wa namna hiyo hawakuweza kurudishwa makwao, kwa kuwa mara nyingi kwao kulikuwa kumekwisha kuteketezwa, na njia ya kurudi ilikuwa mikononi mwa wale wale waliowauza. Kwa hiyo wengi walipelekwa Bombay, na baadhi yao wakapokelewa katika makao ya Waafrika yaliyokuwa chini ya Church Missionary Society, yaani CMS, huko Nasik.

Huko Nasik kijana huyo alifundishwa kusoma na kuandika Kiingereza, akafundishwa Maandiko Matakatifu, akabatizwa. Majina yote mawili, Jacob na Wainwright, aliyapata huko. Kwa hali ya kibinadamu hilo ni jambo la kuhuzunisha. Mtu anayeitwa kwa jina la ukoo usio wake hubeba jeraha lake kila anapoitwa. Miongoni mwa Wahindi alikuwa Mwafrika. Miongoni mwa Waafrika wa pwani alikuwa kijana wa Nasik mwenye desturi za kigeni. Kwa Wazungu alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Popote alipokwenda, wengine ndio waliomwambia yeye ni nani.

Hata hivyo katika ubatizo alikuwa amepokea kitu ambacho hakikutoka kwa Wazungu wala kwa Wahindi. Nabii Isaya anafundisha kwamba Bwana huwaita watu wake kwa jina na kuwafanya kuwa wake mwenyewe (Isaya 43:1). Mtoto aliyeuzwa kwa nguo na shanga alikuwa ameambiwa kwamba amenunuliwa kwa thamani nyingine. Ilimchukua maisha yake yote kujifunza maana ya neno hilo.

Kwihara, Agosti 1872

Mwaka 1872 watu wa Uingereza walituma msafara wa kumtafuta Dkt. David Livingstone, na Jacob alikuwa mmoja wa vijana wa Nasik walioandikishwa. Msafara huo ulivunjika pwani ilipojulikana kwamba Henry Morton Stanley alikwisha kumpata Livingstone huko Ujiji, Novemba 1871. Stanley, alipofika pwani, alichagua watu wapatao hamsini na kitu na kuwatuma Unyanyembe wakamtumikie mzee huyo. Jacob akawa mmoja wao.

Livingstone alikuwa akiwasubiri katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Alikuwa amekaa hapo tangu Februari, na peke yake tangu Machi, Stanley alipoondoka. Watu hao walifika tarehe 14 Agosti 1872, na tarehe 25 mwezi huo huo msafara ukaondoka kuelekea kusini.

Ni vema kukumbuka nafasi ya Jacob katika msafara huo. Viongozi walikuwa Abdallah Susi na James Chuma, watu waliomtumikia Livingstone kwa miaka mingi. Isitoshe, vijana wa Nasik walikuwa na sifa mbaya machoni pa mzee huyo, kwani wengi wa wale aliowachukua mwaka 1866 walikuwa wamemwacha njiani. Jacob alikuwa mgeni, mdogo kwa cheo, na wa kundi lisiloaminiwa. Kitu alichowazidi wengi wa wenzake kilikuwa kalamu.

Chini ya Mti kwa Chitambo

Livingstone alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Wangeweza kumzika hapo, wakagawana vitu na kutawanyika. Hakuna ambaye angewafuata. Badala yake walikata shauri la kuurudisha mwili kwa watu wake, ng'ambo ya bahari.

Kalamu ya Jacob ikahitajika mara moja. Viongozi walimwamuru aorodheshe vitu vyote vya marehemu, ili pasiwe na mtu wa kuja kuwashtaki kwa wizi. Moyo wa Livingstone na viungo vyake vya ndani vilizikwa chini ya mti katika sanduku la bati, na Jacob akasoma ibada ya maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa majuma mawili, ukafungwa kwa nguo, gome la mti na turubai.

Kisha akachonga maandishi kwenye mti huo. Alichonga jina la Livingstone na tarehe, na chini yake majina matatu ya wakuu wa msafara. Jina lake mwenyewe hakulichonga. Yawezekana aliandika kama alivyoagizwa, kwa maana mwandishi wa msafara hakuwa mkuu wa msafara. Lakini jambo hilo linastahili kutafakariwa. Mtu pekee aliyeshika kisu siku ile, ambaye angeweza kuliongeza jina lake bila wenzake wengi kujua alichoandika, aliwaandika wengine na kujiacha nje. Unyenyekevu mwingi wa kweli ni wa namna hiyo: ni kazi iliyofanywa vizuri, mahali ambapo aliyeifanya haonekani.

Kurudi Tabora na Mwili

Safari ya kurudi ilichukua miezi tisa hivi na kupita kilomita zaidi ya 1,600. Ugonjwa uliwapiga, baadhi yao wakafa njiani. Halima, mpishi wa Livingstone, na wanawake wengine walikuwamo katika safari hiyo, ingawa historia imewasahau upesi.

Walipofika Ukonongo walisikia kwamba kuna msafara wa Waingereza Unyanyembe. Jacob akaandika barua ya kutoa habari za kifo, na Chuma akatangulia kuipeleka. Hivyo mnamo Oktoba 1873 barua iliyoandikwa kwa mkono wa Mwafrika aliyekuwa mtumwa ndiyo iliyofikisha Tabora habari ambayo ulimwengu mzima ulikuwa ukiisubiri. Aliyeipokea alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa akiugua homa katika tembe la Kwihara. Mwili ukaingizwa huko huko ulikotoka ukiwa hai miezi kumi na minne iliyopita.

Cameron aliwashauri wauzike Unyanyembe, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari na watu wa njiani waliogopa maiti. Ushauri huo ulitoka kwa ofisa wa jeshi la majini, naye alisema kwa nia njema. Watumishi hao, waliokuwa hawana cheo wala amri ya mtu yeyote nyuma yao, walimsikiliza kwa heshima, kisha wakakataa. Jambo hili ni muhimu kwa kuelewa unyenyekevu wa Kikristo, maana wengi hudhani mnyenyekevu ni mtu asiye na msimamo. Watu wa Chitambo walikuwa wanyenyekevu kiasi cha kubeba maiti mabegani, na imara kiasi cha kumkatalia ofisa. Mtu ajuaye ni wa nani hahitaji kupayuka ili akatae.

Mbele ya Unyanyembe, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walizuia maiti isipite. Basi wakatengeneza mzigo wa bandia uliofanana na maiti, na baadhi yao wakarudi nao kuelekea Unyanyembe kana kwamba wameghairi. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita bila kutambuliwa.

Kutoka Bagamoyo hadi Westminster

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Hakukuwa na sherehe ya kuwapokea. Walilipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha. Susi na Chuma, waliouongoza msafara tangu mwanzo hadi mwisho, waliachwa pwani. CMS ikamlipia nauli mtu mmoja tu kuusindikiza mwili hadi Uingereza, naye alikuwa Jacob, kijana wao wa Nasik aliyejua Kiingereza.

Meli iliwasili Southampton tarehe 15 Aprili 1874. Siku tatu baadaye Livingstone alizikwa katika kanisa kuu la Westminster Abbey, London, mahali wanapozikwa wafalme. Miongoni mwa watu wanane waliopewa heshima ya kusindikiza jeneza, pamoja na Stanley na Dkt. John Kirk, alikuwamo Jacob Wainwright. Picha zake zikaenea. Akaalikwa mikutanoni, akasimulia safari yao mbele ya umati. Shajara aliyoiandika njiani ilitafsiriwa na kuchapishwa kwa Kijerumani mwaka huo huo.

Mtoto aliyewahi kuuzwa sasa alisimama ambapo mabwana wengi wa Uingereza wasingepata nafasi ya kusimama. Hapo ndipo jaribu kubwa kuliko njaa na homa lilipomkuta.

Sifa na Kujikwaa

Watu waliokuwa naye siku hizo walimlaumu kwamba sifa zilimlevya. Walisema alijikweza na kujiona kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara. Wengine walichukizwa kwamba aling'aa kwa kazi iliyoongozwa na Susi na Chuma, ambao walifika Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha kupita, kwa hisani ya James Young, rafiki wa Livingstone. Horace Waller alipotayarisha shajara za mwisho za Livingstone kwa ajili ya kuchapishwa mwaka 1874, aliwategemea hao wawili.

Haifai kuyafunika makosa hayo katika kitabu cha kumbukumbu, maana Maandiko yenyewe hayakufunika makosa ya Yakobo, babu wa Israeli. Lakini haifai pia kumhukumu Jacob bila kuwatazama waliomsifu. Waliompandisha jukwaani ndio hao hao waliomlaumu kwa kufurahia jukwaa. Walimtaka awe kielelezo cha kazi yao, kisha wakaudhika alipojiona kuwa mtu. Kijana asiye na baba wala mji, anayepigiwa makofi kwa mara ya kwanza maishani, hudhani makofi hayo ndiyo jina lake. Tangu hapo huogopa kimya.

Na kimya kilikuja. Baada ya ziara yake Uingereza alirudi Afrika ya Mashariki kufanya kazi na CMS, iliyokuwa ikianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Frere Town karibu na Mombasa. Hakudumu katika kazi hiyo. Jina lake likatoweka magazetini, naye akarudi katika maisha ya kawaida ya watu wa njia ya misafara. Kalamu iliyoiarifu Tabora kifo cha Livingstone ikarudi kuwa kalamu ya mtu wa kuajiriwa.

Wenzake nao walipita katika kimya hicho. Chuma aliongoza misafara mingine, akafa Zanzibar mwaka 1882. Susi alibatizwa Zanzibar katika misheni ya UMCA mwaka 1886, miaka kumi na mitatu baada ya Chitambo, akalichukua jina la Daudi, jina la bwana wake wa zamani. Akafariki mwaka 1891. Waweza kusema kwamba Susi aliyaanza maisha ya ubatizo mahali ambapo sifa zilikuwa zimekwisha kupita, wala hakuna umati wa kumshangilia.

Urambo

Safari ya mwisho ya Jacob ilimrudisha magharibi. Urambo, upande wa magharibi wa Tabora, ulikuwa makao ya Mirambo, mtemi mwenye nguvu aliyepigana na Waarabu wa Unyanyembe tangu mwaka 1871 na kufa mwaka 1884. London Missionary Society ilikuwa na kituo huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Ni kituo kidogo, mbali na bahari, wamisionari wakiugua na kufa, waongofu wakiwa wachache. Hapo ndipo Jacob Wainwright alipofia, Aprili 1892, miaka kumi na minane tangu siku ya Westminster.

Ni vigumu kufikiri mahali palipo mbali zaidi na Westminster Abbey. Bwana wake amelala chini ya sakafu ya mawe inayokanyagwa na wageni wa dunia nzima. Mtumishi alilala katika udongo wa Unyamwezi. Hata hivyo udongo huo haukuwa wa ugenini kuliko Nasik, Mombasa au London. Ulikuwa kando ya njia aliyoipita akiwa kijana, wakati alipobeba mzigo wa mtu mwingine na kuandika majina ya watu wengine. Na kifo chake hakikuifunga kazi ya kituo hicho. Mwaka 1898 Wamoravian waliipokea Urambo, na kutoka kwao Injili ikaenea katika Unyamwezi.

Historia nayo haikumsahau kabisa. Mwaka 2019 shajara yake kwa Kiingereza, kama alivyoiandika, ilitolewa kwa umma kupitia intaneti. Watu walioisoma waliisikia tena sauti ya mwandishi wa msafara, baada ya karibu karne moja na nusu ya kusikia tu yale wengine waliyosema juu yake.

Fundisho kwa Usharika

Katekisimo Ndogo ya Martin Luther yafundisha kwamba ubatizo hauishi siku ile maji yanapokauka kichwani. Kila siku utu wa kale unazamishwa kwa toba, na kila siku utu mpya unafufuka. Luther mwenyewe alipojaribiwa sana alijikumbusha kwamba amebatizwa. Hakujikumbusha kwamba ni daktari wa theolojia, wala kwamba jina lake linajulikana Ulaya nzima. Na katika maandishi yake ya mwisho, mwaka 1546, alikiri kwamba sisi sote mbele za Mungu tu ombaomba.

Maisha ya Jacob Wainwright yanaonyesha kwa nini mafundisho hayo ni faraja. Biashara ya watumwa ilimwambia kuwa yeye ni bidhaa, na ilisema uongo. London ikamwambia kuwa yeye ni shujaa, na hilo lilikuwa kweli kwa muda mfupi tu. Waliomlaumu wakamwambia kuwa yeye ni mtu wa majivuno, na pengine walisema kweli pia. Kama thamani yake ingetegemea maneno hayo, angebadilika kila mwaka kama bei ya pembe sokoni. Lakini jina alilopewa kwa maji na Neno huko Nasik halikupanda siku ya Westminster, wala halikushuka siku ya Urambo. Mtume Paulo anawauliza Wakorintho wana nini wasichokipokea (1 Wakorintho 4:7). Aliyepokea kila kitu hana cha kujivunia, wala hana cha kuogopa kunyang'anywa.

Hilo ni neno kwa kila usharika unaofikisha miaka mia. Katika sherehe kama hizi majina huandikwa juu ya mawe ya msingi na vibao vya ukutani, na ni haki yaandikwe. Lakini nyuma ya kila jina lililoandikwa wako waliochota maji ya kufyatulia matofali, waliopika siku za mikutano ya dayosisi, waliofagia kanisa Jumamosi na kupiga kengele alfajiri. Wako pia waliowahi kusifiwa kisha wakasahauliwa, na walioanguka kisha wakarudi kimya kimya kwenye benchi la nyuma. Hao wote ni ndugu zake Jacob.

Yakobo wa Agano la Kale aliulizwa jina lake usiku kando ya kijito cha Yaboki, akabarikiwa, akaondoka akichechemea (Mwanzo 32). Yakobo wa Urambo naye alitembea njia ndefu, akajikwaa, akafika. Anayepita leo kutoka Tabora kwenda Urambo, kwa reli au kwa barabara, anapita karibu na mtu aliyechonga majina ya wengine mtini na kuliacha lake. Bwana aliyemwita kwa jina hilo hakuhitaji mti wa kumkumbusha.